Mackay, Fundi wa Natete

Mtu wa pwani akifika Kaptagat huuliza sweta kabla ya kuuliza hali. Hapa ni zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, msitu umezunguka kila upande, na ukungu wa alfajiri hukufuata hadi kitandani. Nimekuja kwa binti yangu, ambaye mumewe ni mwalimu wa shule na sasa anajijengea nyumba. Nasema anajijengea, maana hakuajiri fundi. Mbao kazipiga randa mwenyewe, nguzo kazisimamisha mwenyewe, na kila jioni akirudi kazini huvua koti la ualimu akapanda juu ya makombamoyo na nyundo kiunoni. Kazi ya kukandika udongo peke yake ndiyo iliyofanywa na kina mama wa jirani, kwa desturi ya Wakeiyo, nao wakaifanya kwa ustadi ambao sijauona hata Lamu.

Jambo hili limezua mabishano kijijini. Mzee mmoja, mtu mwenye heshima yake, aliona si sawa mwalimu kuonekana juu ya paa kama kibarua. Elimu, kwa fikira zake, ni ya kumtoa mtu matopeni. Vijana wakamkumbusha kambi ya wakimbiaji iliyo papa hapa Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia nzima, hushika zamu ya kusafisha choo kama wenzake. Mzee hakuridhika. Alisema mkimbiaji ni mkimbiaji na mwalimu ni mwalimu.

Mimi sikutia neno, maana mgeni ni kuku mweupe. Lakini nilimfikiria mtu mmoja aliyeishi na mabishano hayo hayo kwa miaka minane na zaidi, mbele ya mfalme na mawaziri wake, na kwa hatari kubwa kuliko ya kuanguka kutoka darini. Huyo ni Alexander Mackay, ambaye Waganda wanamjua sana na sisi Wakenya twamjua kidogo, ingawa alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupigania reli ya kutoka pwani hadi ziwani, na reli hiyo ikaja kupita nyanda hizi za Uasin Gishu.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, upande wa Aberdeen, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi, tena kasisi msomi, na hakumpeleka mwanawe shule mpaka alipotimia miaka 14. Alimsomesha mwenyewe nyumbani. Tamaa ya mzee ilikuwa kijana ashike joho baada yake. Kijana naye alikuwa akipenda zaidi kusimama kwa mhunzi akitazama chuma kinavyogeuka rangi motoni, au kuchezea kimashine chake cha kupigia chapa.

Hapa sina budi kusema kitu kidogo. Wako watu wanaodhani kwamba kugawa kalamu na nyundo ni desturi ya wasomi wote wa dunia. Mwalimu wangu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani juu ya mkeka tukiwa na mbao zetu za kuandikia, alikuwa mshona kofia; sindano haikumtoka mkononi hata alipokuwa akitusahihisha irabu. Nasi tulifunzwa kwamba Nuhu aliunda jahazi na Daudi alilainishiwa chuma mikononi. Kwa hiyo mimi simshangai Mackay. Nawashangaa waliomshangaa.

Huko Edinburgh alisomea kwanza ualimu, kisha akasomea uhandisi katika Chuo Kikuu, na muda wa mazoezi akaupitisha katika karakana za bandari ya Leith. Mwaka 1873 alikwenda Berlin kuchora ramani za mashine, akapanda cheo hata akawa mkuu wa idara ya magari-moshi katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Moabit. Mshahara mzuri, maisha mazuri. Novemba 1875 gazeti moja la London likachapisha barua ya Stanley kutoka kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, iliyoomba wamisionari wanaojua kazi za mikono, wajengao nyumba, walimao, watibuo, wala si wahubiri watupu. Chama cha CMS kikatafuta watu. Mackay akaomba, akachukuliwa.

Waliagwa wanane. Mackay alikuwa mdogo kuliko wote, akafika Unguja mwishoni mwa Mei 1876. Miaka miwili haijatimia, waliobaki kazini kati ya wale wanane walikuwa wawili tu, yeye na kasisi aitwaye Wilson. Wengine walikufa kwa homa au walirudi kwao wakiwa wagonjwa, na wawili, Luteni Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani Ukerewe mnamo Desemba 1877.

Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani, na alipopata nafuu hakutaka kukaa bure. Mwaka 1877 aliongoza watu kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kiasi cha kilomita 370, kwa mashoka, sururu na mapanga. Alitaka mizigo iende kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe badala ya vichwa vya watu. Barabara ilikatika, lakini ng'ombe waliuawa na mbung'o, na magari yakakwama katika matope ya masika. Mwenye kuijua Mpwapwa wakati wa mvua hatacheka.

Kazi iliyonivutia zaidi katika maisha yake si barabara ile. Ni yale aliyoyafanya kwenye pwani ya ziwa. Juni 1878 alifika Kagei, upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, akakuta mali ya msafara imerundikwa kibandani: vipande vya injini, mashine ya kupigia chapa, vitabu, dawa, misumari na misumeno, vyote vimechanganyika na kushikwa na kutu, na mchwa wakishiba. Alikaa akichagua kipande kimoja kimoja, alfajiri hadi magharibi, mpaka ile injini ikasimama kamili. Mashua yao, iliyoitwa Daisy, ilikuwa imepasuliwa na jua, akaiziba. Yeye na Wilson wakatweka kuelekea Buganda, na dhoruba ikawatupa ufukoni, mashua ikavunjika vibaya.

Palepale, pasipo gati wala duka la mbao, Mackay akaikata mashua katikati. Aliondoa kiasi cha futi nane za tumbo lake, akaivuta omo na tezi zikakutana, na mbao alizozitoa katikati akazitumia kuziba matundu ya mbele na nyuma. Kazi ilichukua majuma manane. Ilitoka mashua fupi isiyopendeza, lakini ilielea, na Novemba 1878 ilikuwa imewafikisha. Mabaharia wetu wa Pate na Siyu wangemwamkia mtu huyu kwa heshima.

Mutesa alikuwa mtu mwerevu, mwenye kujua Kiswahili na Kiarabu. Mazungumzo ya barazani pake yalikwenda kwa Kiswahili mara nyingi, naye Mackay alikuwa amekwisha kujifunza lugha hiyo pwani; ndiyo iliyomwezesha kusema na mfalme bila ya mkalimani. Watu wa pwani walikuwa wamemtangulia kwa miaka mingi. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, na baada yake walifuata wengine na nguo, bunduki, dini, na, tusifiche, biashara ya watumwa. Mackay aliwaandika watu hao kwa ukali mwingi. Juu ya utumwa alikuwa na haki. Juu ya mengine alikuwa mshindani, na mshindani si shahidi mwema. Mtu akitaka kujua watu wa pwani walileta nini Buganda, asikilize Mganda akijenga: dirisha kwake ni eddirisa, msumari ni omusumaali, tofali ni ettofaali, na fundi ni fundi.

Mackay alipewa kiwanja Natete, kando ya makao makuu, na ndipo alipoanza kujenga. Nyumba za Waganda wakati ule zilikuwa za duara, zimeezekwa nyasi tangu kileleni hadi ardhini, na ndani zimegawanywa kwa nguo za magome ya mti. Zilikuwa nyumba nzuri mno; usafi wa matete yao na ulinganifu wa mafungu yao uliwastaajabisha wazungu wote waliopita. Sitaki msomaji adhani kwamba Mackay alikuta watu wasiojua kujenga. Alichokileta kilikuwa kingine: nyumba ya pembe nne yenye madirisha, na milango iliyokaa juu ya bawaba za chuma alizofua mwenyewe.

Watu walikuja kutazama, na walichotazama si nyumba peke yake. Walimtazama mjenzi. Huyu alikuwa mgeni wa mfalme, mtu wa kitabu, aliyekaa barazani pamoja na wakuu. Na asubuhi inayofuata yuko kifua wazi mbele ya mvukuto, uso umejaa masizi, anapiga chuma juu ya fuawe. Katika Buganda ya siku hizo, kama katika Ulaya, na kama kwa yule mzee wa Kaptagat, mkubwa hakushika jembe. Kulima kulikuwa kwa wanawake na kazi nzito ilikuwa ya watumwa. Mackay aliwaambia wakuu hao kwamba Mungu amempa mtu tumbo moja na mikono miwili, na hesabu hiyo ina maana yake. Sijui kama walicheka. Lakini vijana wa ikulu walianza kumiminika karakanani. Walikuja kushangaa kinu cha kunolea kinavyozunguka, wakabaki kushika msumeno, na huku wakishika msumeno wakafundishwa herufi. Wasomaji wa mwanzo wa Buganda wengi walisomea kati ya vumbi la mbao.

Maji ya Natete yalitoka kwenye vinamasi na yaliwatia watu maradhi. Mackay akachimba kisima, akakitia bomba la kuvutia maji. Siku maji yalipopanda juu yenyewe na kumwagika, watu walisema huyu si mtu, ni lubale, yaani mzimu mwenye nguvu. Alitumia muda mwingi kuwaeleza kwamba ni ngozi, chuma na hewa tu. Aliunda pia gari la ng'ombe akalipaka rangi nyekundu na buluu, la kwanza kuonekana katika nchi ile, na umati ulilifuata kama harusi.

Basi, msomaji, hapa ndipo penye uchungu wa maisha yake. Mtu akijulikana kuwa na mikono, kila mtu huitaka mikono ile. Mutesa hakuwa na shida kubwa ya injili. Alikuwa na shida ya bunduki, na baruti, na mtu wa kuzitengeneza zilizoharibika. Alipofariki mama yake, Namasole, mwaka 1882, aliagizwa Mackay atengeneze jeneza kwa namna ya Ulaya, na liwe kubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana. Zikaletwa sahani za shaba na ngoma za shaba zifuliwe kuwa mabati. Yalitengenezwa majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la mbao, la shaba, na la mbao tena, na lile la nje lilikuwa pana na refu kama chumba cha kulala. Mackay na mafundi wa mfalme walifanya kazi karibu mwezi mzima, usiku na mchana. Kaburini zikazikwa nguo za magome kwa maelfu. Msomi wa Edinburgh, mkuu wa magari-moshi wa Berlin, akawa mchonga majeneza ya ikulu. Na Mutesa mwenyewe alipokufa Oktoba 1884, kazi ikarudi kwake tena.

Alivumilia kwa sababu aliona, na nadhani aliona sawa, kwamba karakana ndiyo iliyowaweka pale. Mwanga, mwana wa Mutesa, alikuwa kijana mwenye wasiwasi na wageni, na wakati ule Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi za pwani, basi wasiwasi wake haukuwa wa bure. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega, si mbali na Natete. Mackay alikuwa njiani kuelekea ziwani. Alikamatwa na kusukumwa arudi, na alipofika hakuweza kuwaokoa. Oktoba mwaka uleule Askofu Hannington aliuawa Busoga. Juni 1886 ikawa mauaji makubwa ya Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Nao Waislamu walikuwa wamekwisha kuonja mauti kama hayo chini ya Mutesa, kiasi cha miaka kumi kabla, jambo ambalo waandishi wengi hulisahau.

Katika siku hizo Mackay aliishi akingoja kuuawa na huku akipiga chapa. Waliokuwa wakisoma walijificha, wakaja usiku, nao walitaka karatasi. Alichonga herufi kubwa za mbao kwa mkono wake, akachapisha kurasa za kujifunzia kusoma, na pamoja na wenzake na vijana wa Kiganda akaendelea kutafsiri Injili ya Matayo kwa Kiganda. Mfalme angeweza kumwua siku yoyote. Hakumwua. Angemwua, bunduki zake nani angezitengeneza?

Julai 1887 hatimaye alifukuzwa. Alifunga mlango kwa kitasa, akaacha nyumba, kisima, karakana na bustani, akavuka ziwa. Mwaka uliofuata, mnamo Oktoba, katika vita vya dini vilivyomfuata Mwanga kupinduliwa, nyumba ya Natete iliporwa.

Nimezungumza na watu waliojenga kwa mikono yao, na wote husema hakuna maumivu kama ya kuanza upya. Fundi wa kuajiriwa akihama hubeba zana zake akasahau. Aliyejijengea hujua kila boriti kwa jina. Aikumbuka ile iliyopinda, na ile iliyomtia kibanzi kidoleni. Mackay alikuwa na miaka 37. Wakubwa wake wa London walimtaka arudi nyumbani kupumzika, maana tangu 1876 hakuwahi kuiona Uskoti tena. Akajibu kwamba watu ni wachache, hawezi. Akashuka Usambiro, kusini mwa ziwa, akakata nguzo, akaanza msingi.

Stanley, ambaye barua yake ndiyo iliyomleta, alipita Usambiro Agosti 1889 akitoka kumtoa Emin Pasha, akakaa siku karibu ishirini. Alikuta nyumba ya miti na udongo yenye kuta nene na rafu zilizojaa vitabu, na nje yake uwanja wa kazi: karakana iliyojaa mashine, wahunzi wakishughulika na tangi la mvuke, mtumbwi mkubwa ukitengenezwa, mashimo ya kupasulia mbao, magogo ya mti mgumu yakikauka, zizi la ng'ombe, mbuzi, kuku. Mackay alikuwa akiunda chombo cha mvuke cha kumrudisha Buganda kwa njia ya ziwa. Stanley, mtu asiyesifu ovyo, alimsifu kuwa mmisionari bora kuliko wote baada ya Livingstone, akamsihi waondoke pamoja. Mackay alibaki na mbao zake.

Mimi sikubaliani na kila alilolitaka mtu huyu. Alitamani Waingereza waje kutawala, wakaja, na matokeo yake twayajua. Lakini nilipomweleza habari zake mume wa binti yangu, hakuniuliza siasa. Aliniuliza bawaba zile alizifua kwa chuma gani, na mbao za mashua aliziunga vipi bila ya gundi. Sikuwa na jibu la kutosha.

Mwanzoni mwa Februari 1890 homa ilimshika. Alikuwa na mwenzake mmoja tu wa Kizungu, Deekes, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa na alikuwa ajiandaa kurudi kwao. Mackay alilala siku nne, na tarehe 8, siku ya Jumamosi, akafariki. Alikuwa na miaka 40.

Hapakuwa na wakati wa kwenda kukata mti. Deekes na vijana wa misheni walichukua mbao zile Mackay alizozipasua kwa ajili ya chombo chake, wakamtengenezea jeneza kwazo, na Jumapili saa nane mchana wakamzika kando ya Askofu Parker, aliyekuwa amekufa palepale mwaka 1888. Natete leo ni mtaa wa Kampala, na kuna shule huko inayochukua jina lake. Mifupa yake ilihamishwa mwaka 1927 ikazikwa tena kilimani Namirembe. Reli aliyoipigania ilikuwa imefika Eldoret miaka mitatu kabla yake. Kampala iliingia mwaka 1931.